Dirisha la Dakika Kumi na Tano

Kwa heshima na taadhima, na kwa mamlaka niliyokabidhiwa na Mwenyekiti wa Klabu, napenda kuutangazia umma kwamba tatizo la mashabiki kuwa na maoni limepatiwa ufumbuzi.

Kabla ya hapo hali ilikuwa mbaya. Watu walitoa maoni hovyo. Walitoa vibarazani, walitoa kinyozini, walitoa kwenye foleni ya benki, walitoa hata msibani marehemu akiwa bado hajazikwa. Mtu hajawahi kupiga hata mpira wa matambara, lakini anakwambia kipa wetu anasimama vibaya. Tulikuwa tumefungwa mechi sita mfululizo, na uchunguzi wa kina uliofanywa na Mwenyekiti akiwa ndani ya gari lake ulibaini kuwa chanzo ni kelele. Ndipo kikaundwa Kitengo cha Upokeaji, Uainishaji na Uhifadhi wa Maoni ya Mashabiki, na mimi mtumishi wenu nikateuliwa kuwa Katibu Mratibu. Nikapewa chumba chini ya jukwaa kuu, dirisha lenye nondo, muhuri, na feni isiyozunguka.

Jambo la kwanza nililolitafutia dawa ni muda. Maoni yanayotolewa kabla ya mchezo si maoni, ni ubashiri, na klabu yetu haijihusishi na mambo ya ramli. Maoni yanayotolewa baada ya mchezo nayo si maoni, ni majuto, na mtu anatakiwa amalizane nayo nyumbani kwake na mkewe. Mchezo ukiwa unaendelea, kazi ya shabiki ni kushangilia. Basi ukitoa hivyo vyote, yanabaki mapumziko. Dirisha likawa linafunguliwa kipenga cha mapumziko kikilia na kufungwa dakika kumi na tano baadaye, kwa saa yangu ya mkononi. Ambaye hakufikiwa kwenye foleni alishauriwa arudi mchezo ujao na maoni yaleyale, akiyatunza yasipoe.

Kisha fomu. Fomu ya Maoni inajazwa nakala tatu kwa wino wa bluu. Shabiki anataja mchezaji anayemlenga, nafasi anayocheza, na kama yeye mwenyewe amewahi kuicheza nafasi hiyo. Kama hajawahi, anaeleza kwa mistari miwili ni kitu gani kinamfanya aamini ana macho. Halafu anachagua kama maoni yake ni ya furaha, ya huzuni au ya hasira, na haruhusiwi kuweka alama mbili. Kuna mzee mmoja fundi bomba aliandika pembeni kwa mkono, "Yote matatu, na njaa." Nilimrudishia fomu yake.

Nakala ya kwanza niliigonga muhuri wa IMEPOKELEWA, pamoja na tarehe, nikamrudishia mwenyewe ili awe na kitu cha kushika. Ya pili na ya tatu ziliingia kabatini. Kabati lenyewe ni zuri, la kioo, lilitengenezwa zamani kwa ajili ya vikombe. Kwa kuwa vikombe havijawahi kutuletea usumbufu wa nafasi, tulilikuta tupu. Ufunguo alikaa nao Mwenyekiti, na Mwenyekiti hakumbuki aliuweka wapi, hivyo karatasi nikawa nazipenyeza kwa juu, kwenye mwanya wa mlango. Mfumo ulifanya kazi vizuri sana.

Kanuni za Kitengo niliziandika mwenyewe, jioni moja tu. Sijisifu. Nilikuwa na mfano mzuri, yaani kanuni za mkutano mkuu wa wanachama, zilezile ambazo Mwenyekiti amezitumia kujiongezea muda wa uongozi mara tatu. Nilinakili kila kifungu kama kilivyo. Palipoandikwa "Mwenyekiti" nikaweka "shabiki", na palipoandikwa "wanachama" nikaweka "uongozi". Vifungu thelathini na kimoja, na mke wangu alikuwa bado hajapakua chakula. Mwenyekiti akasaini bila kusoma, maana yeye anaamini kusoma kitu kabla ya kusaini ni kuwavunjia heshima watendaji wako. Nakala moja ikapelekwa Shirikisho la Ligi, ikasajiliwa na kugongwa muhuri mwekundu, kwa sababu mwaka huo Shirikisho lilikuwa linatoa ngao ya Klabu Sikivu na Mwenyekiti alikuwa ameshapigilia msumari wa kuitundika.

Tukachapisha nakala mia tano za kuwagawia mashabiki. Hakuna aliyezitaka. Nikazibeba nyumbani, zikakaa chini ya kitanda.

Sasa, tatizo lililojitokeza ni mama mkwe wangu.

Mama mkwe wangu ni fundi viatu. Kibanda chake kipo hatua kumi kutoka lango la wachezaji, na alikirithi kwa marehemu mumewe pamoja na sindano, nta, na mapenzi ya timu yetu. Anashona viatu vya wachezaji wetu wa kulipwa, na anashona vya wachezaji wa chuo wanaofanya mazoezi kwenye uwanja wa nyuma. Mashabiki wengine wanapata maoni yao kwa kutazama mpira. Yeye anayapata kwa kugeuza viatu.

"Mwanangu," aliniambia siku moja nilipompitishia ujumbe wa binti yake, "mimi sihitaji tiketi. Nikishageuza soli nimeona mechi nzima. Tazama hiki cha beki wenu. Kimelika upande wa kulia peke yake. Unajua kwa nini? Kila wakipita na mpira anageuka kumtazama refa, anainua mkono. Haya, na hiki cha kipa. Kisiginoni kimekwisha, mbele kipya. Huyo anarudi nyuma tu, hajawahi kumfuata mtu tangu azaliwe."

"Mama, hayo ni maoni," nikamwambia kwa adabu. "Utaratibu ni kuyaleta dirishani, wakati wa mapumziko."

"Hata kama wewe ni mkwe wangu?"

"Hasa kwa sababu mimi ni mkwe wako."

Akapitisha uzi kwenye nta. Kisha akasema, "Sawa, baba. Nitakuja."

Alikuja. Mchezo wa kwanza wa nyumbani alikuwa wa kwanza kwenye foleni, na akawa wa kwanza kila mchezo, kwa sababu wengine walikuwa wanasubiri kipenga na yeye alikuwa anafunga kibanda dakika ya arobaini. Shikamoo, marahaba, fomu, muhuri, kwaheri. Maoni yake ya kwanza yalihusu beki. Ya pili yalihusu kipa. Ya tatu ndiyo yaliyoleta maneno.

Inabidi hapa niwaeleze watu wawili. Wa kwanza ni Mpwa. Mpwa ni winga wetu wa kushoto, na sifa zake ni kwamba mama yake amezaliwa tumbo moja na Mwenyekiti. Hana jina lingine uwanjani. Hata mtangazaji wa redio humwita hivyo. Wa pili ni Mwanachuo, naye ni winga wa kushoto, mwaka wa tatu chuo cha ufundi, aliyekuja kwetu kwa utaratibu wa ligi unaoruhusu kijana asome kule na acheze huku. Utaratibu huo una sharti moja. Mchezaji wa chuo asipocheza hata dakika moja msimu mzima, usajili wake unafutwa, na ligi hii haimpokei tena. Dakika moja tu. Msimu ulikuwa unasonga, na Mwanachuo alikuwa hajaipata, kwa sababu alikuwa na majukumu mengine. Alikuwa anabeba chupa za maji. Alizibeba vizuri, hilo Kitengo kinakiri.

Maoni ya tatu ya mama mkwe wangu yalisomeka hivi, na ninanukuu kutoka kwenye faili: "Viatu vya Mpwa nimevitazama. Vina miezi minane na meno yote ya soli yapo kama siku ya kununuliwa. Mbele tu vimechubuka, kwa kupiga teke ardhi akinyimwa pasi. Viatu vya Mwanachuo nimeshabadilisha soli mara tatu, na huyo hata hachezi, hayo ni mazoezi na kukimbiza maji. Mchezo wa mwisho wa msimu, kama sio kabla, Mpwa atoke mapumziko, Mwanachuo aingie. Hasira."

Nikagonga muhuri. Kwa kuwa nilikuwa na moyo wa familia, nikaichukua nakala ya pili nikampelekea Mwenyekiti kabla ya kuipenyeza. Alikuwa ofisini, anakata kucha.

"Huyu fundi ni nani wako?" akauliza.

"Mama mkwe, mheshimiwa."

"Pole." Akaisoma mistari miwili, akanirudishia. "Usijibu."

"Hata barua fupi? Kwamba yamepokelewa na yanafanyiwa kazi?"

"Katibu, sikiliza nikufundishe uongozi. Ukimjibu mmoja, kesho wote watajua kwamba tunasoma. Usimjibu yeye, usimjibu mtu yeyote. Kaa kimya. Mimi nimefika hapa kwa ukimya."

Nilitoka pale nimeelimika. Kuanzia siku hiyo, Kitengo hakikujibu hata fomu moja, na naweza kusema bila hofu kwamba ni idara chache zinazoweza kujivunia rekodi kama hiyo.

Mke wangu hakuiona rekodi hiyo kwa jicho langu. Alikuwa anapiga pasi shati langu la ofisini aliposema, "Mama anauliza majibu yake yako wapi."

"Kwenye jina la Kitengo kuna upokeaji, kuna uainishaji, kuna uhifadhi. Umesikia kujibu?"

"Wewe mwanaume una shida," akasema. "Yule kijana anakula kibandani kwa Mama siku hizi. Anaogopa kurudi kwao aseme amefutwa. Halafu wewe unamwambia Mama uainishaji." Akaweka pasi chini. "Na hayo makaratasi yako chini ya kitanda nampelekea leo. Anataka ya kujaza ndani ya viatu visikunjane. Yafanye kazi hata moja."

Sikuwa na pingamizi. Nakala mia tano za kanuni zikaenda kibandani, na kwa miezi iliyofuata kila kiatu cha mpira kilichotoka kwa mama mkwe wangu kilikuwa na kifungu fulani ndani yake. Sikujua kwamba mtu anayejaza karatasi kwenye viatu kutwa nzima, akisubiri gundi ikauke, huwa anasoma.

Msimu ukaendelea. Tulibadilisha makocha wanne, na wa tano akaja akiwa na simu nzuri, jambo la muhimu, kwani Mwenyekiti alikuwa anapanga timu kwa simu kutoka jukwaani. Ukisikia simu ya kocha inaita, ujue kuna mtu anatoka, na huyo mtu si Mpwa. Mama mkwe wangu hakukosa dirishani hata mara moja. Maoni yake ya tisa niliyasoma mara mbili kwa sababu ya ukali wa kalamu: "Anayepanga timu kwa simu akiwa amekaa kwenye kivuli, mchezo wa mwisho ashuke, abebe chupa za maji kipindi kizima cha pili, ajue uwanja una urefu gani. Hasira, na nimeweka alama moja kama ulivyosema."

Nikagonga, nikapenyeza.

Ikafika siku ya mchezo wa mwisho. Hesabu ilikuwa rahisi. Tukipata sare tunabaki, tukifungwa tunashuka daraja. Uwanja ulijaa. Kufikia mapumziko tulikuwa nyuma bao moja, ambalo kipa wetu alilisindikiza kwa macho akirudi nyuma. Mpwa alikuwa amegusa mpira mara nne, mara mbili kwa mkono. Mwanachuo alikuwa kwenye mstari na kreti lake la chupa, amevaa jezi ya akiba ndani ya koti la mazoezi, na dakika zake zote zilizobaki duniani kwenye ligi ile zilikuwa arobaini na tano.

Nikafungua dirisha. Mama mkwe wangu alikuwepo, wa kwanza, amevaa aproni ya kazi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo sijaleta maoni."

"Basi mama, kwa heshima zote, naomba uwapishe wenye maoni."

"Nimefuata utekelezaji." Akatoa kwenye mfuko wa aproni karatasi mbili zenye muhuri wangu, na ya tatu iliyokunjamana, bado ina umbo la ncha ya kiatu. "Kifungu cha ishirini na mbili. Nisomee wewe, miwani yangu nimeiacha kibandani."

Nilikifahamu. Nilikinakili kwa mkono wangu. Nikasoma, sauti ikipungua kadiri nilivyokwenda: "Endapo maoni ya shabiki hayatajibiwa na uongozi kwa maandishi ndani ya siku kumi na nne, yatahesabiwa kuwa yamekubaliwa, na utekelezaji wake utakuwa wa lazima."

Kile ndicho kifungu kilichompa Mwenyekiti muhula wake wa nne. Alibandika maoni yake, kwamba aongezewe muda, kwenye mlango wa ofisi yake, upande wa ndani, akafunga mlango, akahesabu siku kumi na nne. Wanachama hawakujibu. Wakawa wamekubali.

Foleni nzima ikaanza kupiga mabati. Zile kelele zikamtoa Kamishna wa mchezo, mjumbe wa Shirikisho, ambaye chumba chake kinapakana na changu. Ni mtu mkavu, mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kwenye paji la uso. Inasemekana aliwahi kuahirisha fainali kwa sababu kibendera cha kona kilipungua sentimita tatu.

"Nini hapa?"

Mama mkwe wangu akamkabidhi karatasi. Kamishna akabadilisha miwani. Akafungua mkoba wake, akatoa kanuni zetu zenye muhuri mwekundu, akalinganisha neno kwa neno. Akahesabu tarehe kwa vidole.

"Katibu, maoni haya yalijibiwa?"

"Yalihifadhiwa."

"Nimeuliza kujibiwa."

"Yalihifadhiwa vizuri sana, Kamishna."

"Mwite Mwenyekiti wako."

Mwenyekiti aliteremka akiwa na koti la bluu lenye nembo ya klabu na viatu vya ngozi vyenye ncha. Alifikiri anakabidhiwa ngao. Kamishna alimweleza kwa sentensi mbili, na uso wa Mwenyekiti ukapita rangi zote za jezi za ligi.

"Huyu ni fundi viatu!" akasema.

"Kanuni haisemi shabiki awe na kazi gani," Kamishna akajibu.

"Kanuni zipi hizo? Nani ameandika huu upuuzi?"

Nikatazama feni.

"Umesaini wewe," Kamishna akasema. "Hapa chini. Mkono mzuri. Mheshimiwa, mimi sipangi timu ya mtu. Ninyi wenyewe mmeshaamua, miezi mingi iliyopita, kwamba winga anatoka, kijana wa chuo anaingia, na wewe unabeba maji. Klabu ikikataa kutekeleza uamuzi wake yenyewe kwenye mchezo rasmi, inapoteza mchezo. Mkipoteza mnashuka. Zimebaki dakika saba."

"Basi najibu sasa hivi. Nakataa! Maoni yote mawili, nakataa!"

"Siku kumi na nne zilishapita zamani, kwa yote mawili."

Mwenyekiti si mtu wa kushindwa kirahisi, na kama mtumishi wake wa miaka mingi nilijivunia alichofanya. Aligonga nondo za dirisha langu. "Katibu, andika! Marekebisho! Kuanzia sasa, maoni yasiyojibiwa ndani ya siku kumi na nne yatahesabiwa kuwa yamekataliwa. Na hakuna rufaa. Andika hivyo, hakuna rufaa. Lete nisaini." Akaninyang'anya kalamu, akasaini. Kalamu ilitoboa karatasi.

Kamishna akaisoma, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akatoa muhuri wake mwekundu na kuigonga. "Marekebisho safi kabisa. Yanaanza kutumika kwa maoni ya kuanzia leo." Akaivua miwani. "Haya ya mama ni ya zamani. Dakika tano, mheshimiwa."

Mama mkwe wangu hakusema neno la kejeli hata moja. Alimtazama Mwenyekiti miguuni tu. "Viatu hivyo vitakusumbua kwenye nyasi," akamwambia. "Hiyo soli imegandishwa kwa gundi, haina uzi."

Kocha wa tano alipopewa taarifa, alizima simu yake mbele ya watu wote na kuirusha ndani ya begi. Mpwa alikaa benchi akiita, "Anko! Anko!" lakini Anko alikuwa anapewa maelekezo ya kazi. Mwanachuo alivua koti, akamkabidhi Mwenyekiti kreti kwa adabu zote.

"Shikamoo mzee. Ile ya mfuniko wa kijani inavuja, ishike wima. Nahodha hanywi ya baridi. Na ukiitwa kule ng'ambo, zunguka nyuma ya goli, usikatishe uwanjani, refa anakasirika."

"Marahaba," Mwenyekiti akasema, akaishika wima ile ya mfuniko wa kijani.

Kipindi cha pili nilikitazama kupitia mwanya ulio chini ya jukwaa, ambao hauonyeshi zaidi ya miguu. Nikajikuta natazama kama mama mkwe wangu anavyotazama. Niliona viatu vya Mwanachuo, vyenye soli ya nne, vikipita mara kumi, mara ishirini, huku na huku, bila kusimama. Dakika moja ilipotimia nikaitazama saa yangu na nikashindwa kujizuia, nikasema peke yangu chumbani, "Imetimia!" Nilisikia raha ambayo haimo kwenye majukumu yangu.

Niliona pia viatu vya ngozi vyenye ncha. Wachezaji wetu hawakuwahi kusikia kiu namna ile. Beki aliomba maji mara sita. Kipa, ambaye yuko mwisho kabisa wa uwanja, alijimwagia kichwani akaomba nyingine. Kila Mwenyekiti alipokimbia, jukwaa la mzunguko, la wenye tiketi za bei rahisi, lilimshangilia kwa kuhesabu hatua. Dakika ya sabini soli ya kulia iliachia mbele, ikawa inapiga nyasi pa, pa, pa, na watu wakaanza kupiga makofi kwa kuifuatisha.

Bao lilipatikana dakika ya themanini na nane. Ningependa kuripoti kwamba lilikuwa zuri. Mwanachuo alimpita mtu wake, akapiga krosi kwa nguvu, mpira ukamgonga nahodha mgongoni akiwa ameinama kufunga kamba, ukaingia. Sare, bao moja kwa moja. Tukabaki daraja letu. Nilifunga ofisi nikakimbilia kibandani na kumkuta mama mkwe wangu amekaa juu ya ndoo, analia waziwazi, na kiatu cha mtu mapajani. "Umemwona?" akaniuliza. "Umemwona mwanangu?" Sikujua anamwita nani mwanae kati yetu, lakini nilimwambia nimemwona.

Yaliyofuata ni mambo ya kiutawala. Shirikisho lilituma fundi akavunja kufuli la kabati, na ndani mkakutwa maoni elfu mbili na kitu, yote yakiwa na muhuri, yote yakiwa yamekubaliwa. Mia nne na kumi na mawili kati yake yalisema jambo moja kwa lugha tofauti, nyingine siwezi kuzirudia kwenye taarifa rasmi: Mwenyekiti aondoke. Akaondoka. Mpwa naye akaondoka, kwa kuwa sifa yake ilikuwa imeondoka.

Msimu huu mpya Mwanachuo anaanza kila mchezo, na jina lake liko kwenye ubao. Kocha ni yuleyule wa tano. Akiwa na jambo haendi kwenye kikao, anaenda kibandani, anakaa kwenye ndoo, na mama mkwe wangu anageuza kiatu na kumwonyesha. Mashabiki nao huenda kulekule, wakati wowote wanaotaka, wanajibiwa hapohapo, wakati mwingine kwa ukali. Klabu ilipata ngao ya Klabu Sikivu. Imetundikwa kibandani, kwenye msumari wa kuning'iniza mikanda.

Mimi bado ni Katibu Mratibu. Kitengo hakijafutwa, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kukifuta. Mapumziko yakifika nafungua dirisha kwa saa yangu, na foleni ipo. Ni ya mtu mmoja.

Anakuja kila mchezo, viatu vyake vimeshonwa kwa uzi mweusi, kazi ya mkono ninaoufahamu. Anajaza kwa wino wa bluu, nakala tatu. Anaomba kurudishiwa nafasi yake. Kwenye sehemu ya hisia aliweka alama mbili mara ya kwanza, nikamrudishia.

"Katibu," aliniambia juzi, amekumbatia nakala yake yenye muhuri, "ni fomu ya saba hii. Nitajibiwa lini?"

"Maoni yako yamepokelewa, mheshimiwa."

"Na msiponijibu? Siku kumi na nne zikipita?"

Nikafungua kanuni kwenye marekebisho, nikaigeuza karatasi na kumpitishia kati ya nondo, ili asome mwenyewe. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari, hadi chini kabisa, kwenye tundu lililotobolewa na saini yake.

Nilitaka kumfariji, lakini saa yangu ilikuwa imefika. Nikafunga dirisha.